Ngozi ya Farasi Chini ya Draya

Mtaani kwao walimwita Chapuchapu, na usidhani ni kwa sababu alikuwa na haraka. Aliitwa hivyo kama vile mtu mnene anavyoitwa Sindano. Ukimpelekea mkanda autie tundu moja, ilikubidi uage kabisa nyumbani. Angeugeuza, angeunusa, angekuuliza kama umekonda au umenenepa na nini kimekupata, kisha angekaa anautazama huo mkanda kama anasubiri uanze kuzungumza. Lakini tundu lenyewe likishatobolewa, lilikuwa tundu. Halichaniki, halipanuki, hata ukila harusi tatu mfululizo.

Alikuwa fundi wa ngozi. Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba aliyopanga na mkewe, na chumba cha mbele kilikuwa saluni ya huyo mkewe, msusi hodari. Kati ya vyumba viwili palikuwa na pazia tu, tena fupi. Kwa hiyo wateja wa mbele walisukwa huku wakinusa mafuta ya ngozi, na mikanda ya nyuma ilitoka ikinukia shampuu. Vifaa navyo vilitembeleana. Fundi aliazima vibanio vya nywele kushikia ngozi iliyopakwa gundi, na mkewe, akikosa kitana, aliwahi kutengeneza njia za nywele za bibi harusi kwa kifaa cha kuchorea mistari ya mshono. Bibi harusi alipendeza sana. Hakuambiwa.

Sasa, fundi huyu alikuwa na mama mkwe, na mama mkwe alikuwa nahodha wa chama cha wapiga upinde. Si upinde wa magurudumu na darubini, la. Ule wa asili: mti, uzi na mkono wa mtu. Alikuwa mama mrefu, mkavu wa maneno, anayeweza kulenga ndimu kutoka mbali na akaikosesha amani maisha yake yote. Hakumchukia mkwewe. Alimheshimu kama watu wanavyoiheshimu mvua, yaani kwa mbali, akiwa na mwavuli. Ila tangu binti yake aolewe, hakuwahi kuvaa kitu hata kimoja kilichotoka mikononi mwa fundi. Si mkanda, si kiatu, si hata kamba ya saa. Na jambo hilo lilimkaa fundi kooni kama mwiba wa samaki. Watu wa mtaa wote walitembea na kazi zake miguuni na viunoni, mama mkwe peke yake akawa anapita kama yuko likizo.

Ndipo siku moja mkewe akarudi kutoka kwa mama yake na ujumbe.

"Mama anasema umtengenezee kinga ya mkono na podo la mishale. Jumamosi wana mashindano. Vikimfaa, atavaa. Visipomfaa, atanunua vya plastiki, na amesema tusizungumzie tena ngozi kwenye familia hii."

Fundi aliweka nyundo chini taratibu. "Amesema 'atavaa'? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Tena alikuwa anatafuna."

Siku hiyo hiyo fundi akaenda kwa mwuza ngozi, kwa sababu kazi ya namna hiyo hutaki ngozi ya ng'ombe. Unataka ya farasi. Ngozi ya farasi ina vinyweleo vidogo sana, uso wake umejifunga kama mlango wa tajiri, na ukiisugua vizuri inateleza. Hilo ndilo linalotakiwa kwenye kinga ya mkono, maana kazi ya kinga ni moja tu: mtu akiachia mshale, uzi wa upinde unarudi kwa hasira, na badala ya kumchapa sehemu laini ya mkono ulioshika upinde, unachapa ngozi na kuteleza ukaenda zake.

Ghala la mwuza ngozi lilikuwa refu na lenye giza, ngozi zimepangwa kama mazulia. Fundi alichomoa moja baada ya nyingine. Aliikunja ili aone kama uso utapasuka vimistari. Aliikwaruza kwa ukucha na kusubiri aone alama itafifia au itabaki kumshtaki. Aliipiga kwa vidole akaitegea sikio. Mwishowe akaweka shavu juu ya ngozi moja ya rangi ya kahawa, akafumba macho.

"We Chapuchapu," mwuza ngozi akaita, "unanunua au unachumbia?"

"Subiri kwanza, inanijibu."

"Ikikubali nijulishe niite mashahidi."

Fundi hakusikia. Alikuwa ameshaigeuza upande wa nyuma wa mnyama, pale unapotokea mkia. Hapo, na hili ni jambo ambalo watu wengi hawalijui na wakilijua hawalali, ndipo farasi anapoficha ngozi yake bora kuliko zote. Ndani ya ngozi ya makalio kuna tabaka gumu, zito, lililobanana kiasi kwamba ukilisugua linang'aa kama kioo na halikunjamani. Haliko mgongoni, haliko shingoni wala kifuani. Farasi mzima, na uzuri wake wote wa kukimbia na kupeperusha manyoya, ameweka hazina yake anapokalia.

"Nipe hii," fundi akasema. "Kifuani litatoka podo. Na huku nyuma itatoka kinga."

"Kinga ya nani?"

"Ya mama mkwe."

Mwuza ngozi alimtazama fundi, akatazama makalio ya farasi, akamtazama tena fundi. "Mungu akulinde," akasema.

Fundi alianza na podo, na hapo ndipo jina lake lilipomfaa. Alipunguza unene wa kingo kwa kisu mpaka zikawa nyembamba kama mdomo wa kikombe. Alishona kwa uzi uliopakwa nta ya nyuki, mshono mmoja, kikohozi kimoja, mshono mwingine. Kisha akapata wazo la kujisifu kidogo: akakata kipande kikubwa cha ile ngozi ya makalio akakifanya kifuniko cha podo. Akakisugua kwa mfupa laini, akapaka mafuta, akasugua kwa kitambaa, akapaka, akasugua, mpaka ukikiinamia unaona pua yako na vitu ulivyosahau kunyoa. Akabaki na kipande kimoja tu cha kutosha kinga.

Alipoinua kichwa, ilikuwa Alhamisi asubuhi.

Kinga alitaka iwe ndefu, izunguke mkono karibu wote na ifungwe kwa kamba. Ngozi nzito namna hiyo huilowanishi tu ukaiambia ikae. Unailoweka maji ya uvuguvugu, unaifunga juu ya mkono wa mwenyewe ichukue umbo, unaivua, unaiacha ikauke kivulini polepole, siku mbili. Lakini kumfunga ngozi mkononi mwenyewe maana yake ni kumshika mama mkwe mkono, kumgeuza geuza na kumzungushia kamba kama unapima mguu wa meza. Fundi alikuwa ameliwaza jambo hilo, na kila akiliwaza masikio yalimwaka moto.

"Mke wangu," akaita kupitia pazia, "hebu niazime mkono."

"Ninao miwili na yote ina kazi."

"Wa kushoto tu. Si mmefanana na mama? Mtoto wa nyoka ni nyoka."

"Umemwita mama yangu nyoka?"

"Nimesema mmefanana!"

Saluni ilikuwa na mteja mmoja, jirani yao aliyeitwa Mama Redio, kichwa chote rola. Huyu alikuwa hasikii habari, alikuwa anazitangaza. Msusi akamwacha kidogo, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mkono. Fundi akauzungushia ngozi iliyolowa, akakaza kamba, akabana vibanio vya nywele kila penye mwanya. Ilikaa vizuri mno. Tatizo lilikuwa moja: nje kulikuwa na ukungu, kuta zenyewe zinatoa jasho, na ngozi hiyo isingekauka kabla ya Jumamosi.

Hapo fundi, kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lake, akafanya haraka. Macho yake yalienda kwenye draya ya saluni, lile kofia kubwa la joto linaloshuka kichwani kwa mteja.

"Weka mkono humo," akasema. "Kidogo tu."

"Humo wanaweka vichwa."

"Mkono nao si una akili? Weka."

Mama Redio alisogezwa, na mkono wa msusi ukaingia chini ya draya kama mteja mwenye miadi. Joto likaanza kunguruma. Kila mwanafunzi wa ngozi huambiwa siku ya kwanza kwamba ngozi iliyolowa haipendi moto. Fundi mwenyewe alikuwa amewaambia watu wengi hivyo, tena kwa kidole. Lakini akilini mwake hii haikuwa moto. Ilikuwa saluni.

"Mbona inanibana?" msusi akauliza baada ya muda.

"Inachukua umbo."

"Mume wangu, inachukua mkono."

Alipozima draya na kuutoa, ile ngozi ilikuwa imejikunja, imekakamaa, na rangi imekuwa ya mkate ulioungua. Fundi akaigonga kwa kidole. Ikalia *ko ko*. Akakata kamba, lakini kinga haikujali. Ilikuwa imejifunga yenyewe kama gamba la mti, kingo zimepandana. Akajaribu kuipanua kwa vidole viwili, kisha kwa vinne, kisha kwa goti.

"Ipasue," msusi akasema.

"Sina kipande kingine!"

"Na mimi sina mkono mwingine!"

"Jamani," Mama Redio akasema akiwa ameegemea vizuri, kama aliyelipia kiti cha mbele, "kuna mtu anakuja. Mrefu. Anatembea kama anakagua gwaride."

Alikuwa mama mkwe. Jumamosi angevaa kofia ya chama na nywele zake zilitaka kutulizwa. Fundi aliruka nyuma ya pazia. Msusi akatupia taulo juu ya mkono, akatabasamu kwa meno yote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umejifunika?"

"Baridi."

"Mkono mmoja?"

"Ndio ulioanza."

Mama akakaa, akaegemeza kichwa kwenye beseni. Msusi akaanza kumwosha kwa mkono mmoja huku ule wa pili ameunyoosha pembeni kama askari wa barabarani. Lakini huwezi kuosha nywele za mama yako kwa mkono mmoja, kazi hiyo hata Mungu aliigawia mikono miwili. Akajaribu kusaidia kidogo na ule mwingine. *Ko.*

"Nini hicho?"

"Beseni, mama."

*Ko ko.*

"Beseni liko chini. Hiki kimenigonga juu."

"Ni kinga yako, mama," Mama Redio akasema, kwa sababu alishajizuia mpaka machozi yakamtoka. "Imemng'ang'ania mwanao. Mkwe wako kaioka kwenye draya. Na mimi nilikuwepo."

Mama mkwe akainuka polepole, povu linashuka shingoni. Akalitoa taulo. Akautazama ule mkono. Halafu akalitazama pazia, ambalo chini yake ilionekana miguu miwili iliyosimama kama imeazimwa.

"Toka," akasema.

Fundi akatoka. Alitaka kueleza, lakini maneno yote yalikuja kwa wakati mmoja yakabanana mlangoni. Mama mkwe hakuyasubiri. Alikuwa mtu wa vitendo. Akachukua chupa ya kondishena, akaimimina yote ndani ya kinga kupitia upande wa kiwiko, akamwambia binti yake, "Legeza kidole gumba. Kikunje ndani. Usipumue." Kisha akapanga miguu, bega moja mbele, mgongo umenyooka, akaishika kinga kwa vidole vitatu kama anavyoshika uzi, akamvuta mwanawe kama upinde.

"Mama, nitakatika!"

"Hukukatika kuzaliwa, hutakatika leo."

Ikatoka. Ilitoka na mlio ambao Mama Redio baadaye aliuigiza mtaa mzima, na mama mkwe akarudi nyuma mbio mbio kwa visigino mpaka alipodakwa. Na aliyemdaka, hapakuwa na mwingine nyuma, alikuwa fundi. Walibaki hivyo kidogo, mama mkwe mikononi mwa mkwewe, povu likimchuruzika fundi kwenye kola.

"Niache," akasema.

"Naam, mama." Akamwacha. Karibu aanguke tena.

Mama mkwe akaiokota kinga, akajaribu kuipitisha mkononi mwake. Iligoma juu ya kifundo cha mkono. Akaitupa mezani, nayo ikajiviringisha na kutulia kati ya vitana, ambako ilipata kazi hapo hapo ya kushikia vitana na haijaacha mpaka leo.

"Hata usingeioka," akasema, "isingenitosha. Mkono wa binti yangu unashika kitana. Wangu unavuta upinde. Kwa nini hukuja kunipima?"

Fundi akatazama sakafu. "Niliona haya, mama."

"Haya ya nini?"

"Ya... kukushika mkono."

"Na hii ngozi ni ya wapi ya farasi? Mbona ni ngumu hivi?"

"Ni ya... mwishoni, mama."

"Mwishoni wapi? Farasi ana ncha mbili."

Fundi alimwangalia Mama Redio kwa macho ya kuomba. Kosa kubwa. "Makalio," Mama Redio akasaidia.

Mama mkwe alivuta pumzi kupitia pua. "Kwa hiyo kunishika mkono uliona haya. Kunivisha makalio ya farasi mbele ya chama kizima, hilo ukaona ni adabu."

"Ndiyo ngozi bora kuliko zote, mama. Naapa. Haikunjamani."

"Basi sawa. Jumamosi nitanunua ya plastiki." Akaanza kupandisha mkono wa gauni ajifute povu, kama mtu aliyemaliza mazungumzo.

Na fundi akauona huo mkono. Upande wa ndani, kutoka karibu na kiwiko kushuka, ulikuwa na michirizi ya zambarau na kijani, mingine mipya juu ya ya zamani. Uzi wa upinde ulikuwa umeandika hapo kwa muda mrefu, na mwenyewe hakuwahi kusema neno.

"Mama, hii inauma," fundi akasema.

"Hainiumi."

Lakini fundi alikuwa ameshamshika. Hakuomba ruhusa wala hakujua kwamba hakuomba. Alikuwa ameshausogeza mkono kwenye mwanga wa dirisha, ameshauzungushia kamba hapa palipo pembamba, pale panaponyanyuka msuli, ameshafunga fundo kila kipimo, na alikuwa anamuuliza maswali makali kama daktari: uzi unakupiga hapa kwanza au hapa? Ukichoka kiwiko kinageuka ndani? Hebu kunja. Nyoosha. Usinidanganye, nyoosha kama unavuta. Mama mkwe, nahodha, mwenye kutetemesha ndimu, akanyoosha.

Ngozi ikabaki kuwa swali. Fundi aliliwazia swali hilo kwa muda mfupi, mfupi sana kwa mtu kama yeye. Akaingia karakana, akalishusha podo, akachukua kisu, akakikata kile kifuniko chake cha kujisifia. Mkewe alifumba macho. Podo likabaki mdomo wazi, kama mzee aliyeporwa kofia.

Siku ile mama mkwe alikaa kwenye karakana kwa mara ya kwanza, rola kichwani, juu ya robota la mabaki ya ngozi kwa sababu kiti hakikuwepo. Hakukuwa na kulowanisha tena. Kifuniko kilikuwa kimeshakamilika, kwa hiyo fundi alikikata kwa kufuata mafundo ya kamba, akapunguza unene kingo, akakiweka gotini na kukisugua kwa mfupa, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka joto la msuguano peke yake lilipoanza kukifundisha kukunja mgongo. Kila baada ya muda alikijaribu mkononi mwa mama, akakitoa, akaendelea. Mama mkwe alitazama. Alinusa. Wakati fulani alinyoosha kidole, akagusa ukingo uliopakwa nta, akakirudisha haraka kama mtoto aliyegusa keki ya wageni.

"Kumbe huwa inachukua muda," akasema.

"Kidogo tu imebaki, mama."

Kutoka nyuma ya pazia saluni nzima ilicheka.

Jumamosi uwanja ulikuwa umejaa. Mama mkwe alivaa kofia ya chama, podo mgongoni likiwa mdomo wazi, na kinga mkono wa kushoto, rangi ya kahawa, inang'aa. Fundi alisimama nyuma ya kamba ya watazamaji na mkewe, na Mama Redio, ambaye hakualikwa na mtu. Fundi hakuangalia shabaha hata mara moja. Aliangalia mkono tu.

Mama mkwe akapanga miguu. Akavuta. Akaachia. Uzi ukarudi, ukagonga ngozi, ukateleza, *fyuu*, ukaenda zake. Na mama mkwe, badala ya kufuata mshale kwa macho kama alivyowafundisha wote, akainamisha kichwa akautazama mkono wake kwa mshangao, kana kwamba umemsalimia. Ila shingo iliinama mapema mno, na bega nalo likafuata. Mshale ukapita juu ya ubao, ukapita pembeni ya marobota ya majani makavu, ukaenda kutoboa pipa la maji ya kunywa la timu ya wageni, ambalo likaanza kukojoa taratibu, bila aibu.

Uwanja ukalipuka. Waliocheka walicheka mpaka wakashikana. Mwamuzi akaandika sifuri huku mabega yanamtetemeka.

"Amekosa kwa sababu yangu," fundi akasema. "Ataivua. Ataivua hapo hapo mbele ya watu."

"Nyamaza," mkewe akamwambia, lakini naye alikuwa ameshika kamba kwa mikono yote miwili.

Mama mkwe aligeuka. Akatembea kutoka kwenye mstari, akaja moja kwa moja mpaka kwenye kamba ya watazamaji. Watu wakapisha. Akasimama mbele ya fundi, na mbele ya chama kizima na timu ya wageni wenye kiu, akaunyoosha mkono wa kushoto juu ya kamba.

"Fundi," akasema. "Hapa juu imelegea kidogo. Kaza."

Fundi akaushika mkono, akakaza.